Saa Nane ya Kufuli

Sura ya Tisa

Ijumaa, saa nne asubuhi na dakika kumi, Inspekta alisimama mbele ya mlango wa stoo ya hospitali, akafuta miwani yake kwa upindo wa kitambaa, akamshukuru mlinzi kwa kumfungulia. Alikuwa mama wa miaka arobaini na sita, mfupi, mwenye mwendo wa mtu asiye na haraka hata pale anapokuwa nayo. Wezi wa mji mzima walimwita Mama Asante. Alimshukuru shahidi, akamshukuru mtuhumiwa, akamshukuru hata aliyemdanganya, maana, kwa maneno yake mwenyewe, mtu aliyekupa uongo naye kakupa pa kuanzia.

Siku hiyo haraka alikuwa nayo. Saa nane mchana mtunza stoo wa hospitali hiyo alitakiwa kufikishwa mahakamani kwa wizi wa hadubini, ile mashine ya maabara inayokuza vijidudu vikaonekana. Mtunza stoo alikuwa mzee wa miaka hamsini na tisa, aliyebakiza miezi minane astaafu. Kwa miaka thelathini na moja watu walimwita Kufuli, kwa sababu hakuna mlango aliowahi kuufunga bila kurudi kuuvuta mara ya pili. Tangu Jumatano alikuwa analala mahabusu. Na kibaya zaidi, jalada la kesi lilikuwa na karatasi ya kukiri yenye sahihi yake.

Jalada lenyewe Inspekta alikabidhiwa asubuhi ile ile, baada ya mwenzake aliyelifungua kuhamishwa kituo. Alilisoma wima, hata kiti hakuvuta. Kisha akashuka mahabusu.

"Mzee wangu, hapa umekiri kwamba Jumanne uliingia stoo saa mbili asubuhi."

"Saa mbili?" Kufuli aliinua kichwa. "Nani kasema saa mbili? Walinionyesha karatasi, nikaona nilivyoandika, nikasema ndiyo, hii yangu. Wakaniambia weka sahihi, nikaweka."

"Na uliandika nini?"

"Saa nane. Zamu yangu ya mchana, afande. Asubuhi nifuate nini stoo?"

"Asubuhi hiyo ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, nanyoosha sare."

Mkewe, aliyekuwa kwenye benchi la kituo tangu Jumatano na kibeti chake mapajani, alisema vivyo hivyo. Alipoulizwa nani mwingine alimwona mumewe, alijibu, "Mungu, na yeye hamumwiti mahakamani." Inspekta alimshukuru akaondoka. Ukweli ni kwamba hadi hapo alimhesabu Kufuli kuwa mzee aliyesahau au mzee anayejitetea, na wote wawili amewaona wengi.

Stoo ilikuwa chumba kirefu chenye rafu za chuma, maboksi ya glavu, chupa za dawa ya kuua vijidudu, na harufu ya karatasi iliyokaa sana. Kila kitu kilikuwa na lebo iliyoandikwa kwa herufi za mtu aliyefundishwa mwandiko kwa fimbo. Kwenye rafu ya tatu palikuwa na nafasi tupu, na chini yake lebo: HADUBINI. ISHIKWE KWA MIKONO MIWILI.

Pembeni ya mlango, juu ya meza ndogo, ilikaa kompyuta kuukuu. Kibodi yake ilikuwa imefutika herufi nusu, na skrini ilichukua muda kuamka kama mtu aliyelala mchana.

"Sheria, afande," mlinzi alisema kwa haya. "Kila anayeingia anajiandikisha. Daftari la karatasi lilifutwa wiki sita zilizopita, siku hizi ni ukurasa wa mtandao. Wengine wanajaza kwa simu zao. Asiye na simu ya maana anatumia hii."

"Sheria nzuri. Asante." Simu ya Inspekta ilikuwa kwenye gari, inachajiwa. Akaketi, akajaza jina, akatazama saa ya mkononi, akajaza saa ya kuingia, akajaza sababu: uchunguzi. Akabonyeza. Ukurasa ukamjibu kwamba umepokea.

Mkurugenzi wa hospitali aliingia akiwa na karatasi mkononi na tai iliyokazwa hadi shingo ikawa nyekundu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, na mtu aliyechoka hupenda sana kesi iliyokwisha.

"Afande, sielewi kinachochunguzwa tena. Mkuu wa maabara aliingia saa moja asubuhi kufuata glavu, akaiona hadubini kwa macho yake. Saa tatu akarudi kuichukua, haipo. Kati ya saa moja na saa tatu aliyeingia ni mmoja. Soma mwenyewe. Watu wana mjomba, afande, wana shangazi. Kompyuta haina mjomba."

Karatasi ilianzia saa moja asubuhi ya Jumanne. Mstari wa kwanza ulikuwa wa mkuu wa maabara. Wa pili ulikuwa na jina la Kufuli, saa 8:00. Baada ya hapo hakuna kitu hadi saa tatu, kelele zilipoanza.

"Asante, bosi. Na mchana ule Kufuli alikuja kazini?"

"Alikuja! Saa nane kamili, mbele ya macho yangu, wakati sisi tunapekua. Akajifanya kushangaa."

"Alijiandikisha?"

"Alikaa hapo hapo ulipo, akabonyezabonyeza."

"Basi nitafutie jina lake la saa nane mchana."

Mkurugenzi akashusha kidole kwenye karatasi. Kidole kilishuka hadi chini, kikapanda, kikashuka tena.

"Halipo."

"Halipo," Inspekta alikubali. "Nifundishe, bosi, mimi ni mgumu wa kuelewa. Mwizi anakuja kuiba asubuhi, anajiandikisha kwa jina lake kamili. Halafu anarudi mchana kwenye kazi yake ya halali, mbele ya bosi wake, anabonyezabonyeza, na jina halionekani. Wewe umewahi kukutana na mwizi wa namna hiyo?"

"Labda alifuta."

"Ana uwezo wa kufuta?"

Mkurugenzi alicheka bila kutaka. "Yule? Kuwasha tu alifundishwa wiki nzima. Mwenye uwezo wa kufuta ni mmoja, aliyeutengeneza ukurasa. Na sasa umenikumbusha. Jumatano asubuhi aliniomba ruhusa aufungue aurekebishe. Nikamruhusu. Sikuuliza anarekebisha nini."

"Asante sana," alisema Inspekta, na safari hii asante ilimtoka moyoni. Ukurasa ulioguswa siku moja baada ya wizi ni jambo la kumtoa mpelelezi kwenye kiti.

Mtengeneza tovuti alikuwa na ofisi ghorofa ya pili, chumba kilichowahi kuwa cha kuhifadhia mashuka. Hospitali nzima ilimwita Kurasa. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mnene, mpole, mwenye skrini mbili mezani na simu nne zimepangwa kama sahani. Alipoona kitambulisho cha polisi alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Shikamoo afande."

"Marahaba, ingawa tunalingana. Kaa, kaka. Jumatano asubuhi ulifungua ukurasa wa daftari la stoo. Ulifanya nini?"

Jasho lilimtoka Kurasa juu ya mdomo. "Kitufe tu."

"Kitufe gani?"

"Cha kutuma. Kwenye simu za aina fulani kilikuwa kinajificha nyuma ya kibodi, mtu anajaza halafu haoni pa kubonyeza. Nikakipandisha juu."

"Siku moja baada ya hadubini kupotea, unapandisha kitufe."

"Malalamiko yalikuja Jumatatu. Ninayo." Aliyafungua kwenye skrini, na kweli yalikuwa ya Jumatatu, yameandikwa na muuguzi mmoja kwa hasira na makosa ya herufi. Akamwonyesha pia kumbukumbu ya kila alichogusa: mistari miwili ilifutwa, miwili ikaongezwa, na yote ilikuwa ya kitufe.

"Majina ya walioingia ulishagusa?"

"Hata siku moja. Naapa."

"Usiape, nionyeshe. Mimi mwenyewe nimejiandikisha leo saa nne na dakika kumi. Nitafute."

Kurasa akafungua orodha ya siku hiyo, akaenda kwenye saa nne asubuhi. Palikuwa na fundi bomba na muuguzi mmoja. Inspekta hakuwepo.

"Afande, hujajiandikisha."

"Nimejiandikisha. Mlinzi alikuwa amesimama kichwani kwangu."

Kurasa hakubishana. Aliandika neno "Inspekta" kwenye sehemu ya kutafutia, na mstari mmoja ukajitokeza juu kabisa ya siku. Jina, sawa. Sababu, uchunguzi, sawa. Saa ya kuingia, 4:10.

"Mbona hii ni saa kumi alfajiri?" Kurasa alisema.

"Saa kumi alfajiri mimi nilikuwa nakoroma. Mume wangu ni shahidi, tena analalamika."

"Uliandika nini kwenye kisanduku cha saa?"

"Saa nne na dakika kumi. Nikaandika nne, nikaandika kumi." Akaitazama saa yake ya mkononi, ambayo kwa mishale ilikuwa imeshapita saa nne na nusu. Mshale mfupi ulikuwa kati ya kumi na kumi na moja, kama unavyokaa kila siku, na yeye kama watu wote aliona kumi na akili ikasoma nne bila kuuliza. "Eti kaka, wengine wakijaza saa, wanaandikaje?"

"Hawaandiki. Wanachagua. Tazama." Kurasa alichukua simu ya kwanza kati ya zile nne, akafungua ukurasa ule ule, akagusa kisanduku. Ikaruka saa yenye namba za kuzungusha, imesimama kwenye wakati uliopo: 10:36. Simu ya pili, hivyo hivyo kwa sura nyingine. Ya tatu na ya nne vilevile. "Ukiona 10:36 unajua ni saa nne na nusu na ushee. Mchana ukiona 14:00 unajua ni saa nane. Hapa hakosei mtu."

"Mimi sikuona saa yoyote ya kuzungusha. Niliona kisanduku kitupu."

Hapo Kurasa alibadilika rangi. "Umejaza kwa kutumia nini?"

"Kwa kompyuta ya stoo."

Alishuka ngazi mbele yake, mnene vile, na Inspekta ikabidi akimbie. Kwenye meza ya stoo Kurasa aligusa kisanduku cha saa kwa kipanya. Hakikuruka kitu. Kilikuwa kisanduku cheupe chenye kistari kinachopepesa, na ubavuni neno moja: Saa.

"Nieleze pole pole, kama unamweleza mama mkwe," alisema Inspekta.

Kurasa alivuta pumzi. "Ukurasa wa mtandao ni kama barua. Mimi naandika moja, wasomaji ni wengi. Kila simu na kila kompyuta ina kivinjari chake, ile programu inayofungua kurasa, na kila kivinjari kinasoma kivyake. Ili wote wasome sawa, wataalamu walikaa wakaandika kanuni. Mimi nikiandika kwamba hiki ni kisanduku cha saa, kivinjari kinachoijua kanuni mpya kinaonyesha saa. Hiki cha hapa ni kizee. Hakijawahi kusikia habari ya kisanduku cha saa."

"Kikigonga kitu kisichokijua kinafanyaje?"

"Kanuni inasema kisigome. Kionyeshe kisanduku cha kawaida cha maandishi, mtu aandike mwenyewe. Ni kanuni ya huruma, afande, ili mwenye mashine ya zamani asifungiwe mlango. Kosa si la kanuni wala la kivinjari." Akaachia kipanya. "Kazi yangu ilikuwa nijue kwamba hilo litatokea, niweke maelezo, niulize asubuhi au mchana. Na niujaribu ukurasa kwenye kila mashine ya jengo hili. Nilijaribu kwenye zangu. Kwangu ulifanya kazi."

"Na mtu akipewa kisanduku kitupu, akaulizwa saa..."

"Anaandika anachotamka."

Nje muuguzi alipita na kitoroli chenye gurudumu linalolia.

"Akisema saa nne, anaandika nne," alisema Inspekta. "Na ukurasa unaielewa kuwa saa kumi alfajiri. Akisema saa nane mchana, anaandika nane. Na ukurasa unaielewa kuwa..."

"Saa mbili asubuhi."

"Lahaula! Kaka, yule mzee hakukiri kuingia asubuhi. Walimwonyesha namba nane, akasema ndiyo, nane, ni yangu. Wao wakaiona nane ile ile, wakaandika saa mbili. Wote wanatazama karatasi moja, mmoja anasoma alichotamka, mwingine anasoma ilichosema mashine, na katikati wamemweka mahabusu mtu wa miaka hamsini na tisa."

Kurasa alijishika kichwa. "Kuna jambo bado sijakwambia. Mzee aliniambia. Wiki ya kwanza kabisa. Alinifuata kule juu akasema, mwanangu, kwa wenzangu inatokea saa, kwangu hakitokei kitu. Nilikuwa na kazi nyingi. Nikamwambia, mzee, wewe andika tu."

"Wewe andika tu."

"Naye akaandika. Kila siku. Hana kosa hata moja, alifanya nilivyomwambia."

Inspekta alimtazama kwa muda. Alikuwa amekaa mbele ya watu wengi waliokosea, na wengi wao walikuwa tayari kumwaga lita za maneno ili kosa liwe la jirani. Huyu alikuwa amelibeba mwenyewe na kulileta mezani, bila kubanwa.

"Asante kwa kusema," alimwambia. "Nakushukuru kweli, si kwa mazoea. Sasa nusu ya kazi bado. Nimempata asiyeiba. Hadubini yenyewe iko wapi? Nifungulie mistari ya Kufuli, wiki zote sita."

Ukurasa ulipofunguka, ilikuwa aibu kwa kila aliyewahi kuuona. Mtu wa zamu ya mchana, na kwa mujibu wa kompyuta hakuwahi kukanyaga stoo mchana hata siku moja. Saa nane zote zilikuwa saa mbili asubuhi, saa tisa zilikuwa saa tatu asubuhi, saa kumi zilikuwa saa nne. Hakuna aliyeona, kwa sababu daftari la stoo halisomwi na mtu hadi kitu kipotee.

"Sasa fikiri nami," alisema Inspekta. "Hadubini ilitoka kati ya saa moja na saa tatu asubuhi ya Jumanne. Tulitafuta aliyeandikwa saa hizo. Lakini kama aliyeichukua alitumia kompyuta hii hii, akiwa amechukua saa mbili asubuhi, angeandika nini?"

"Mbili."

"Na ukurasa ungemweka wapi?"

"Saa nane usiku," Kurasa alisema, na vidole vyake vikaanza kukimbia. "Kabla ya saa moja. Karatasi ya bosi ilianzia saa moja. Nani angeangalia usiku, wakati hadubini imeonekana asubuhi?"

Mstari ulikuwepo. Ulikuwa umekaa pale tangu Jumanne, hauna hatia, unasubiri msomaji. Fundi wa vifaa. Saa 2:15. Na chini ya sababu, kwa ukamilifu wa mtu mwaminifu: napeleka hadubini karakana kwa matengenezo ya kila miezi mitatu.

Kurasa alicheka, kisha akaona aibu ya kucheka. "Aliandika kila kitu!"

"Kila kitu. Huyo fundi yuko wapi?"

Fundi wa vifaa alikuwa likizo tangu Jumanne hiyo hiyo, saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi, amekwenda kwao kumuuguza mama yake. Hospitali ilishampigia mara kumi na moja na simu haikuwa hewani. Na kwa kuwa daftari halikuonyesha kwamba ameingia stoo asubuhi, hakuna aliyejisumbua kumtafuta kwa njia nyingine. Inspekta aliomba faili lake ofisi ya utumishi, akashuka hadi mstari wa mwisho, ule wa mtu wa kupigiwa wakati wa dharura. Ilikuwa namba ya mama.

Mama alipokea, akaulizia afya ya Inspekta, ya watoto, ya kazi, na Inspekta, saa sita kasoro robo na mahakama inamsubiri, akajibu yote kwa adabu. Kisha simu ikapewa mwana.

"Hadubini? Si iko karakana mezani, afande! Niliisafisha lenzi kabla sijaondoka. Niliandika kwenye daftari, nikajua mfumo utawajulisha maabara."

"Kwa nini hukutumia simu yako kujiandikisha?"

"Simu ilitumbukia kwenye ndoo ya maji alfajiri hiyo. Mpaka sasa imezikwa kwenye mchele. Kwani kuna nini?"

"Nitakwambia ukirudi. Mpe mama pole yangu. Na asante, asante sana kwa kuandika sababu."

Ufunguo wa akiba wa karakana ulikuwa kwenye droo ya Mkurugenzi mwenyewe. Inspekta alitaka mashahidi wawili, akapata Mkurugenzi na mlinzi, na Kurasa akaongezeka bila kuitwa. Mlango ulifunguliwa saa sita na dakika ishirini. Juu ya meza, chini ya kitambaa cheupe kilichokunjwa pembe, ilikaa hadubini. Ilikuwa na kadi: IMESAFISHWA. IRUDISHWE STOO. Inspekta alilinganisha namba iliyochongwa kwenye chuma na ile ya kwenye jalada, tarakimu kwa tarakimu, akasoma kwa sauti, na kila shahidi akaweka sahihi. Hakumwacha mtu aiguse mpaka alipomaliza, kisha akamruhusu mlinzi aibebe. Mlinzi aliibeba kwa mikono miwili.

Mkurugenzi alilegeza tai kwa mara ya kwanza siku ile. "Nilisema kompyuta haina mjomba."

"Haina," alisema Inspekta. "Ndiyo maana haikuwa na wa kuiambia kwamba saa zetu hazisomwi hivyo. Niandikie barua kwa mwendesha mashtaka, bosi, na uandike sasa hivi nikiwa nimesimama hapa."

Aliandika. Alipofika kwenye neno samahani aliliandika, akalitazama, akaliacha lilivyo. Inspekta alimheshimu kwa hilo.

Kurasa aliomba lifti hadi kituoni. Njiani alisema jambo moja tu: kwamba jioni ile angeanza na mashine ya stoo, mashine kuukuu kuliko zote, na kwamba kuanzia sasa ukurasa wowote utajaribiwa kwanza kwa mtu mwenye kifaa kibovu zaidi, ndipo upande kwa wenye vizuri. Inspekta aliitikia kwa kichwa huku akikwepa mashimo ya barabara.

Saa saba na nusu mwendesha mashtaka alisoma barua, akasoma hati ya upekuzi, akapiga mstari mwekundu juu ya jalada. Saa nane kasoro dakika kumi Kufuli alitolewa mahabusu, mkanda na kamba za viatu akarudishiwa kwenye bahasha. Alikuwa ameshaelezwa, lakini alisimama kaunta kama mtu anayesubiri aelezwe tena.

Kurasa alimkabili. "Mzee, uliniambia, sikusikia. Ni mimi."

"Najua ni wewe," Kufuli alisema. "Nimekaa siku tatu nikifikiri ni mimi, kwamba uzee umenichanganya, nimeingia kweli asubuhi na nimesahau. Umeniondolea hilo. Haya, nakushukuru. Siku nyingine mtu akikwambia kwake hakitokei kitu, inuka ukaangalie."

"Nitainuka, mzee."

Akamgeukia Inspekta, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwombea maisha marefu, na wanawe, na wajukuu atakaowapata, mpaka askari wa kaunta wakaanza kutabasamu. Inspekta, ambaye kushukuru watu ilikuwa kazi yake, hakujua afanye nini na macho yake, akayapeleka dirishani.

Mkewe alikuwa bado kwenye benchi. Hakuinuka alipomwona mumewe; alisogea akampa nafasi. Kufuli alikwenda akakaa karibu naye, wakawa wazee wawili wanaotazama ukuta wa kituo cha polisi.

"Siku tatu," Kufuli alisema, "kila aliyekuja ameniuliza kama nimeichukua. Askari, bosi, ndugu yangu wa tumbo moja kapiga simu akaniuliza. Wewe umekuja mara tano. Hukuniuliza."

"Nikuulize nini?"

"Kama niliiba."

Mama alikigeuzageuza kibeti mapajani. "Miaka thelathini na minne nalala na wewe nyumba moja," alisema. "Usiku unaamka mara mbili kuvuta mlango uone kama umefungwa, usije mtu akachukua cha watu. Nikuulize nini, mume wangu?"

Kufuli alifunika uso kwa kofia yake ya kazi, na pale kwenye benchi, mbele ya askari, alilia kwa sauti, na alipokuwa analia alikuwa akisema asante, asante, mke wangu, asante.